Kompyuta inayofanya kazi Jumapili tu

Mmewahi kuona kompyuta inayokubali kufanya kazi Jumapili tu?

Ipo huku Mgeta, kwenye ofisi ya wakulima wa mboga. Inatumia mfumo wa Linux. Ikiwaka, inatakiwa ianzishe yenyewe programu ya kupokea oda za kabichi kutoka mjini.

Siku za kazi inagoma. Oda hazionekani, kabichi zinaozea stoo.

Leo nimeitwa kama fundi, na tangu asubuhi nimesoma mafaili yote yanayoielekeza cha kufanya ikiwaka. Sijaona kosa.

Basi nikamuuliza Mama Anna, anayefungua ofisi: "Mama, Jumapili huwa unafanyaje?"

"Kawaida tu mwanangu. Nawasha modemu, naenda misa, nikirudi nawasha kompyuta."

Nikageuka kuitazama modemu.

Huku milimani modemu inachukua muda kupata mtandao. Siku nyingine anawasha vyote kwa pamoja, programu inaanza, haikuti mtandao, inakata tamaa.

Nikaongeza maagizo mawili kwenye yale mafaili: subiri mtandao kwanza, ukishindwa jaribu tena.

Tukazima vyote, modemu na kompyuta, tukawasha kwa pamoja. Baada ya muda oda zikaanza kuingia.

Mama Anna akaitazama kompyuta, akanitazama. "Kumbe umeifundisha kungoja misa iishe."

Mafundi wenzangu, mwenye maelezo mafupi kuliko hayo alete.