Mabati ya Baba Mkwe

Mimi na mume wangu hatukuwahi kugombana juu ya fedha, jambo ambalo walimu wenzangu pale Bukoba mjini hawakuliamini hata kidogo. Mshahara wangu ulikuwa wa kula na kulipa kodi ya nyumba. Wake, wa fundi majokofu kwenye kiwanda cha samaki, haukuguswa: ulikuwa akiba ya kuhamia Mwanza. Huko aliahidiwa kusimamia karakana nzima, na mimi niliomba uhamisho ili nimfuate. Hata mtaa wa kupanga tulikwisha kuuchagua.

Kilichotuzuia ni baba mkwe. Aliishi kijijini Izimbya na mama mkwe katika nyumba inayovuja, na kila mvua iliponyesha usiku mume wangu hakupata usingizi. "Siwezi kuondoka nikawaacha hivi," alisema. Nikamwambia basi tuezeke. Tukamega akiba yetu, tukanunua mabati, tukaweka na kibarua wa kupalilia migomba na mibuni. Tulijiona wajanja kweli. Wazee wakikaa pakavu, tutaondoka roho zetu zikiwa nyeupe.

Tenda wema nenda zako, watu husema. Wema tuliutenda. Kwenda ndiko kulikotushinda.

Mzee alifariki mwezi uleule uhamisho wangu ulipokubaliwa. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kumtaja msika, yaani mrithi atakayekaa katika nyumba ya baba na kutunza kibanja chake, yaani shamba lile la migomba na mibuni. Msika hahami. Kibanja cha ukoo hakiuzwi, wala hakiachwi kikaota majani. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote, kwani shemeji yangu, kifungua mimba wa mzee, alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam na suti yake.

Sisi wanawake tulikuwa jikoni tukimenya ndizi. Mke haketi kwenye kikao cha ukoo wa mumewe. Husikiliza tu, kisu mkononi. Nikamsikia baba mdogo wa mume wangu akisema kwamba marehemu aliacha neno.

"Alisema hivi: aliyeniezekea nyumba ndiye atakayelala humu. Huyo mwingine hata msumari wake sijauona."

Fedha zetu wenyewe, zile tulizozitoa ili tuwe huru, zilikuwa pale juu ya vichwa vyao zinang'aa, na kila mtu alikuwa anaziona.

"Waitu baba," mume wangu alimwambia kwa heshima, taratibu, "nina kazi Mwanza. Wananisubiri."

"Na hiki kibanja siyo kazi, mwanangu?" baba mdogo akamuuliza.

Shemeji alikohoa kidogo. Alikuwa amenyimwa urithi mbele ya watu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepona homa. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Nikainuka, nikasimama kwenye mlango wa jikoni. Mume wangu aligeuka akanitafuta kwa macho, kama afanyavyo tukiwa dukani na bei imetuzidi, ili mimi niseme hapana. Ningesema nini? Kwamba tulikuwa na mpango? Neno langu moja lingetosha watu waseme mwanamke aliyeolewa kutoka Kamachumu amekuja kuvunja nyumba ya wenyewe. Na mama mkwe, je, abaki na nani? Yule mama nilimpenda, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikafumba mdomo.

Wakamvika mume wangu koti la baba yake, alama ya msika. Lilimkaa sawasawa mabegani.

"Nimepokea," alisema, akiwa bado ananitazama.

Watu wote uani wakageukia upande wa jikoni. Sikuelewa wanangoja nini hadi mama mkwe aliponigusa kiwiko.

"Ni wewe, mwanangu. Mke wa msika ndiye anayeanza vigelegele."

Nikapiga. Vilitoka virefu, vizuri, na wanawake wote wakaniitikia.