Niliwachoma Ngamia wa Mahari Alama ya Mbuni wa Televisheni

Nimekosa, na nimekosa vibaya. Lakini kabla hamjanicheka, jueni mnamcheka nani. Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kingeweza kumshangaza. Niliacha shule darasa la tatu, nikauza maziwa, nikauza ngozi, nikauza mitumba mpaka Liboi, na miaka ya tisini ilinikuta na duka langu la mabati hapa Garissa, feni juu, kochi chini. Waliosoma walikuja kwangu kukopa sukari!

Nikarudi kutoka Nairobi na mashine ya mchezo wa televisheni. Ndani yake mna mbuni. Amevaa miwani, anapiga mateke magari ya chuma, na kifuani ana alama: duara, na juu yake mistari miwili kama vidole. Vijana wakamwita Gorayo, yaani mbuni kwa Kisomali. Mchezo mmoja shilingi mbili. Wallahi, foleni ilifika kwa kinyozi!

Mtu wa kawaida angetosheka. Mimi nikawaza, kama wanalipa kumwona akipiga teke, si watalipa kumvaa? Nikachapisha fulana. Kisha kaseti: nilimlipa msemaji mmoja wa sokoni asimulie maisha ya Gorayo, baba yake, ukoo wake, visima alivyopigania. Mchezo wenyewe haukuwa na habari hizo, zilitoka kichwani kwangu! Watu wazima wakaanza kubishana Gorayo ni wa ukoo gani.

Halafu filamu. Mpiga picha za harusi akaleta kamera, binamu yangu akavaa gunia lenye manyoya, akakimbia kichakani. Mbuzi wakatawanyika, mwenye mbuzi akamfukuza na fimbo, na sisi tukaendelea kupiga picha. Hapo ndipo watu walipopenda zaidi! Aliyetazama filamu alirudi kucheza, aliyecheza alinunua kaseti, aliyenunua kaseti alitaka fulana. Nilijiona nimechimba kisima kisichokauka.

Nikataka Gorayo afike hata kusiko na umeme.

Marehemu baba alituachia ngamia. Mdogo wangu Dekow ndiye aliyewachunga, na mitamba watano walikuwa wametengwa kwa mahari yake, kwa msichana wa Habaswein aliyemngoja muda mrefu. Walikuwa bado hawajachomwa alama ya baba shingoni. Mnaelewa nilichowaza? Shingo tano ndefu, tupu, zitembee kutoka Garissa mpaka Habaswein mbele ya macho ya kila mtu! Bango gani lingefika huko?

Nikapasha chuma moto.

"Abowe," Dekow akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi kaka yake mkubwa, "weka ya baba. Ngamia si fulana."

"Wewe umekaa porini sana. Hii ni biashara."

"Na alama za huko unazijua?"

"Mimi najulikana mpaka Eastleigh kule Nairobi! Alama za wachungaji nizijulie nini?"

Hooyo, mama yetu, akajifunika shuka yake akaondoka. Hapo tu ningepaswa kuzima moto, lakini nikawachoma wote watano. Jamani!

Habaswein tulipokewa vizuri, tukapewa chai. Baba wa msichana akaenda kuwatazama mitamba. Akagusa shingo ya wa kwanza, ya wa pili. Akarudi, sauti imeshuka.

"Walaal, ndugu yangu, hawa ni ngamia wa Mzee Farah. Mmewatoa wapi?"

Kumbe lile duara na vidole viwili ni alama ya ukoo wa Mzee Farah tangu mababu! Akaitwa. Nikasimama na fulana ya Gorayo mkononi, nikaeleza yote: mashine, mbuni, miwani. Wazee wakanisikiliza kwa utulivu mkubwa. Mzee Farah akaichukua fulana, akaigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo," akasema, "hata hii ni yangu."

Walicheka mpaka chai ikamwagika!

Wakaamua mimi si mwizi. "Mwizi hufuta alama," mmoja alisema. "Huyu katuchomea yetu, na kuni ni zake."

Lakini baba wa msichana hakucheka. Ngamia mwenye alama ya mtu mwingine haingii kwake, wasije kesho wajukuu wakauana kwa ajili yake. "Leteni safi kabla ya mwezi kuisha. La sivyo binti yangu ataolewa kwingine."

Dekow hakunitazama. Aliwapokea wale mitamba siku walipozaliwa, kila mmoja anamjua kwa jina. Alikuwa akimpangusa mmoja vumbi pale penye kidonda cha chuma, machozi yakimdondoka.

Sokoni hakuna aliyewataka. Mteja alikuwa mmoja dunia nzima, Mzee Farah, naye alinunua kwa bei ya mbuzi. Nikauza mashine, televisheni, kochi, mpaka feni, nikanunua mitamba wengine. Dekow akaoa. Lakini tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu. Neno Abowe haliko tena mdomoni mwake.

Ndugu zangu wenye maduka na akili nyingi, uzeni mnachouza. Ila kabla hamjamchoma mnyama ngozi, waulizeni kwanza wale wasiotazama televisheni!

Nilitaka Gorayo ajulikane kila mahali. Amejulikana. Yuko shingoni mwa ngamia wa Mzee Farah, na wameshazaa. Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, mshangao huo niliununua kwa shilingi elfu thelathini na tisa, mia sita na hamsini, soda za wazee zikiwemo.