Ng'ombe wa harusi

Ofisini kwa daktari wa mifugo, Moroni, tulikuwepo karani, askari mzungu mlangoni, mama mmoja wa Itsandra, na mimi na kuku wangu mgonjwa.

"Ng'ombe wa harusi ya mwanangu anatoka damu puani," mama alisema.

Karani alishusha sauti. "Mama, daktari akimwona, hachinjwi tena. Mji utasemaje harusi ikikosa nyama?"

"Useme! Niwalishe wageni maradhi?"

"Na harusi ni kesho."

"Ndiyo maana nimekuja leo, baba."

Karani alimpa kiti chake, akaenda mwenyewe kumwita daktari. Wengi wetu tunaogopa aibu kuliko ugonjwa. Mama alitugeukia: "Njooni nyote, mtakula samaki."

Kwa amri ya daktari, ng'ombe aliuawa akazikwa jioni ile. Harusini tulikula samaki, na hakuna aliyeugua.