Siku Aliyoichagua Lea

Mwaka ambao Lea alikwenda chuo cha misitu, baba yake alipanda mipaini ekari tatu nyuma ya kilima cha kijiji chao, njia ya Mgololo. Baba alishafariki. Mipaini ilikuwepo bado, na Lea, sasa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, alikuwa Mafinga katika ofisi ya umoja wa wakulima wa miti. Kazi yake, tangu Julai hadi mvua za kwanza, ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta akitazama picha za setilaiti na kuufuata moshi.

Moshi aliujua kama wengine wanavyojua ng'ombe wao. Una mzizi, alikuwa akisema, na una mkia. Mzizi ndipo penye moto. Mkia huenda unakopelekwa na upepo, mara nyingi magharibi, juu ya bonde la Usangu, mpaka watu wa Uyole waanue nguo zao kambani.

"Dada Lea, leo sinema gani?" Obeid, mwenzake wa ofisini, alimtania kila alipopita na chai.

"Ileile ya jana."

Kijijini, kuchoma mabua kulikuwa na utaratibu wake. Anachoma mmoja, majirani wanasimama kando na matawi mabichi; kesho anachoma mwingine. Vijana walipohamia mjini, wazee walibaki wakiuogopa upepo. Lakini Esnath, mama yake Lea, alikuwa na binti anayeuona upepo kwenye kompyuta, na kila Oktoba alimpigia simu kumuuliza siku.

Alhamisi ile asubuhi Lea alimwambia, "Leo kumetulia, mama. Choma, ila umalize kabla ya saa sita."

Saa tisa alifungua picha ya mchana, iliyopigwa saa saba na nusu. Aliutafuta mzizi wa kwao, akitegemea kuona uzi mmoja mwembamba. Aliona mizizi kumi na saba. Juu yake nyuzi zote zilikuwa zimeshikana zikawa blanketi moja la kijivu, na alama nyekundu ya mwisho, ya zile zinazoonyesha penye moto, haikuwa shambani kwa mtu. Ilikuwa upande wa pili wa kilima, pale mipaini inapoanza.

Obeid alisimama nyuma yake na kikombe. Safari hii hakutania. "Hapo si kwenu?"

Lea alikuwa ameshapiga simu.

"Kamwene, mwanangu," mama aliitikia.

"Kamwene, mama. Leo nani mwingine kachoma?"

"Wote. Uliposema ni leo, nikawapitia nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti mwenyewe akasema, kama Lea kasema, tusiipoteze siku."

"Na nani alisimama na matawi?"

"Kila mtu alikuwa shambani kwake."

"Moshi ukoje huko?"

"Umeshatuacha. Unakwenda zake Usangu."

Hilo ndilo lililomtisha Lea. Mkia ulikuwa unawaondokea, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anautazama mzizi. Na jioni, alijua hivyo tangu utoto, upepo huteremka kutoka kilimani kuja majumbani.

"Mama, moto uko nyuma ya kilima, kwenye miti. Watoe watu, nendeni uwanja wa mpira wa shule, pale ng'ombe walipomaliza majani."

"Sasa hivi? Nimebandika maharage."

"Yaepue, mama."

"Wataniuliza nani kasema."

"Waambie mimi."

"Basi watatoka," mama alisema, na sautini mwake mlikuwa na fahari kidogo. "Wewe wanakuamini."

Simu ikakatika. Obeid alikuwa anaita gari la wazima moto. Barabara ya vumbi ya kwenda kijijini ilikuwa mwendo wa saa mbili. Lea akapiga tena, na tena. Mama hakupatikana.

Picha nyingine ingekuja kesho asubuhi. Alijua itakavyokuwa: mkia umeshafika Uyole, na Chunya jua limechomoza jekundu. Uwanja wa shule, kama haujaungua, utaonekana kama kipande kidogo cha kahawia katikati ya weusi. Kutoka juu kule, aliyesimama uwanjani haonekani, wala asiyefika.