Meza ya Kukatia

Karakanani walimwita Rula, kwa jinsi alivyokata kitambaa mstari mnyoofu bila kurudia chaki. Miaka sita alisimama kwenye meza ndefu ya kukatia sare za shule, na hakuna kola hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kupindwa na mkasi wake.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, alirudi Jumatatu asubuhi amevaa gauni pekee lililomtosha. Mezani alimkuta binti mmoja mpole, kaushika mkasi wa Rula barabara. Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila hakudhani miezi mitatu inatosha.

"Karibu, mama," msimamizi alimwambia. "Tumekuweka stoo, ukate nyuzi zilizoning'inia na kushona vifungo. Kazi nyepesi."

"Nani kasema nimechoka, bosi?"

"Hakuna aliyesema. Tumekuonea huruma tu."

Huruma yenyewe ilikuwa chumba kisicho na dirisha, marobota mpaka darini na kigoda kimoja. Maongezi ya cherehani na ya wenye cherehani aliyasikia kwa mbali, kama sherehe ya jirani. Saa nne maziwa yakimjaa, alijikamua nyuma ya marobota, mguu mmoja kaukaza kwenye mlango usio na komeo. Siku moja mtu aliusukuma mlango kwa haraka zake. Kikombe kikamwagika chote. Aliyesukuma akaomba radhi, akaenda zake. Rula akabaki akifuta sakafu kwa kipande cha sare, machozi yakimtoka.

Mchana, wenzake walicheka kisa cha mpiga pasi na kofia yake. Naye akacheka, kwa kuchelewa.

"Kofia gani hiyo?" akauliza.

"Ah, hukuwepo," wakamjibu, wakaendelea kula.

Akatoka nje kumpigia mama mkwe wake, aliyebaki na mtoto.

"Leo kacheka, mwanangu! Cheko la sauti kabisa, na wala sijui kilichomchekesha."

"Mwekee simu sikioni, mama."

Alingoja. Alisikia pumzi tu, halafu kitu kikigonga simu. Mtoto hakucheka tena.

Mwezi ukapita. Akajikaza, akaenda kwa msimamizi kuomba mambo mawili: meza yake na komeo la mlango.

"Meza haiwezekani. Yule binti keshazoea, na wewe akili yako sasa iko nyumbani."

"Akili yangu iko hapa, bosi. Kilichopo nyumbani ni moyo."

Msimamizi akatazama karatasi zake. Kesho yake fundi wa mashine alikuja na bisibisi, akafunga komeo, akalijaribu mara mbili, akaondoka. Alichopata Rula kwa ujasiri wake wote ni hicho, na siku hiyo alijikamua ameketi, miguu yote miwili ikipumzika sakafuni.

Alivumilia mpaka mtoto alipoanza kutambaa, ndipo akapata kazi kwenye duka la mapazia. Huko anakata peke yake katika chumba cha nyuma, kwenye meza isiyogombewa na mtu. Kazi anaipenda. Ila kuna siku hufika jioni hajasema neno na yeyote, na akiingia nyumbani huanza kuzungumza kabla hajavua viatu, mpaka mtoto anamkodolea macho.