Ganda la Ugoro la Mama Mkwe

Diplome yangu ya mekanika niliilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya watu Lusaka, na niliporudi Uvira nilifungua karakana kwenye barabara ya kwenda Makobola bila kumpigia mtu magoti. Nataja hili mapema kwa sababu bila diplome hiyo baba mkwe asingenikabidhi maganda yake.

Maganda yenyewe ni ya risasi za bunduki ya kuwindia, yale ya plastiki yenye kitako cha shaba. Baba mkwe analima mpunga Bwegera, na viboko wa Ruzizi wanaupenda mpunga huo kuliko yeye. Huwapigia juu ya vichwa, kwa bunduki yake yenye kibali, mpaka warudi mtoni. Risasi mpya ni adimu, kwa hiyo maganda yaliyokwisha kupigwa hujazwa tena, na ganda bovu linaweza kumpasukia mtu usoni. Panahitajika mtu wa kuyakagua, na mtu huyo ni mimi.

Nami nilikuwa na shida yangu. Tangu nioe, kila nikienda ukweni nilikuwa nikila barazani, mvua ikiniongezea mchuzi. Kwa mila yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani mpaka sherehe ya kuondoa mwiko ifanyike, na baba mkwe aliiahirisha kila mavuno. Mama mkwe akiwa na neno kwangu alimwambia kuku, nyuma ya uzio wa matete, kwa sauti ya kunifikia vizuri. Nilitaka kuingia ndani ya nyumba ile. Niliamini kazi safi ingenifungulia mlango.

Nikakaa juani na gunia la maganda. Kila moja nililitazama mdomoni kama limechanika, nikalielekeza kwenye mwanga kutafuta tundu, nikapapasa kitako kama kimevimba au kuota kutu. Mtu anayejua silinda ya injini hasumbuliwi na ganda. Kilichonisumbua ni baba mkwe, aliyeyatetea yote kama wakili. Moja nililitupa kwa sababu ya ufa, akaliokota. Alisema ndilo lililoangusha kanga aliyeliwa siku alipozaliwa mke wangu.

“Sasa mke wako naye iko na ufa?” akauliza.

Nikamjibu kwamba mke sikumkagua kwa mwanga. Akanung'unika, akalitia mfukoni.

Mwishowe, yaliyopita yakiwa machache, akatoa ndani ya shati ganda jekundu linalong'aa. Mdomo wake mzima, kitako kama kipya, halijawahi kunyeshewa. Nikafurahi, nikalisogeza puani kuchungulia ndani, nikapiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Kisha nyingine, na nyingine.

Nyuma ya uzio, mama mkwe akaacha kufagia. Aliijua chafya ya ugoro wake, aliokuwa akiutunza ndani ya ganda lile.

Akamwambia kuku kwamba humu kuna mwizi, tena wanaishi naye. Akamwambia amuulize mwenye diplome kama ganda lile ni bovu. Baba mkwe akanikonyeza niseme bovu, ili mkewe adhani si lake, naye apate kulichukua kimyakimya akalijaze. Lakini mimi jina langu silitii kwenye uongo wa kiufundi.

“Ni zima,” nikasema kwa sauti. “Linapita yote.”

Kuku akaona mazungumzo hayamhusu, akaenda zake. Mama mkwe akabaki hana wa kusema naye. Akazunguka uzio, akasimama mbele yangu.

“Weye mukwe,” akasema, “hiyo ganda ni yangu. Ilete hapa.”

Baba mkwe akaketi chini. Mimi nikalitoa kwa mikono miwili, macho kwenye miguu yake, nikamwambia kwamba hata kiwandani hawana kama hilo.

“Minye nilijua,” akasema. “Ingia, chakula inapoa.”

Baba mkwe akakumbusha kuhusu sherehe. Akajibiwa kwamba maneno yameshatoka, kama anaweza kuyarudisha mdomoni ajaribu. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti chenye mgongo, na mama mkwe akaanza kunieleza yote aliyokuwa ameyaweka: ninavyotembea, ninavyotafuna, suruali ninazovaa. Mpaka leo hajamaliza.

Viboko walifukuzwa kwa maganda niliyopitisha, na hakuna hata moja lililopasuka. Wakwe wenzangu bado wanakula barazani. Huniuliza nilitoa ng'ombe wangapi kuondolewa mwiko, nami nawaambia wakasome.