Bruchi ya Kilio

Sikulazimishi uniamini. Nilisoma fizikia chuo kikuu, na mimi mwenyewe nilikaa miezi nikitafuta kosa katika kisa hiki. Sikulipata. Kilinitokea mimi, hapa Johannesburg, mchana kweupe, miaka michache baada ya baba kurudi kwao kutoka uhamishoni na kutuleta sisi na mama kutoka Tanga.

Nilipenda vitu vya kale. Jumamosi moja, Mtaa wa Jules kule Malvern, mzee Mkongomani anayeuza mitumba alinionyesha bruchi nyeusi ya kubana kifuani, imechongwa kama ua. Nikaigusisha shavuni. Johari nyeusi halisi, ile ya mti uliogeuka jiwe, huwa na uvuguvugu. Hii ilikuwa baridi. Kioo tu. Nyuma ilikuwa na kidirisha kidogo, kitupu.

"Hii ni ya kilio, dada," akasema. "Bazungu ba zamani walikuwa wanavaa kama mtu amekufa. Huku nyuma wanatia nywele ya marehemu. Wewe uko na msiba?"

"Sina, papa. Nimeipenda tu."

"Basi weka kabatini. Usivae."

Nikaivaa palepale, mbele yake. Ndivyo nilivyokuwa.

Mvua ya mawe ilinikuta kwenye robot ya kona, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, nikakimbilia kibaraza cha duka lililofungwa. Nilimkuta bibi mmoja wa Kizungu, gauni jeusi hadi chini, mkavu kabisa. Aliitazama bruchi, kisha akasema kwa Kiswahili cha Tanga, kama cha bibi yangu: "Pole, mjukuu wangu, kwa kaka yako."

Ulimi ukanitangulia. Tangu utotoni tulifundishwa: ukipewa pole, unajibu.

"Asante, bibi. Nimeshapoa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhi mzigo. Nikainama kufuta miwani. Nilipoinua macho, hayupo. Alipita wapi, na mawe ya mvua yametanda njia nzima bila alama ya mguu?

Nyumbani nikakisimulia kisa hicho kama kichekesho. Kaka yangu Themba alikuwa amejilaza kwenye kochi, na nywele zake alizozipaka rangi ya kutu.

"Eish, dada. Basi marehemu anaomba chai."

Tukacheka. Mama hakucheka.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu, mama. Si ndiyo adabu?"

"Pole ya mtu aliye hai haipokelewi," akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alhamisi gari lilimgonga Themba kwenye robot ileile. Ajali, utasema. Nami nilisema hivyo, mpaka jioni ya mazishi nilipofungua kabati nilimoiweka bruchi. Ndani ya kidirisha mlikuwa na kishungi cha nywele, rangi ya kutu. Sonara niliyempelekea baadaye aliniapia kwamba kidirisha kile hakijafunguliwa tangu kilipotengenezwa. Jioni ile nikaigusisha bruchi shavuni. Ilikuwa na joto, kama mtu.

Bado ninayo. Naogopa kuitupa, asije akaiokota mwingine. Watu wakinipa pole, hata ya mafua, nanyamaza, nao wanasema nimekosa malezi. Waache waseme. Ila wewe, mtu usiyemjua akikupa pole, usikimbilie kuipokea. Muulize kwanza: pole ya nini?